VIJIDUDU NA CHAKULA CHAO

Mtoto mmoja wa Sake alisahau kikombe cha maziwa mabichi juu ya meza. Alikirudia baada ya siku mbili. Maziwa yalikuwa yameganda, na ladha yake ilikuwa kali.

Akauliza: «Mama, nani ameyagusa maziwa yangu?»

Mama akajibu: «Hakuna mtu aliyeyagusa, mwanangu. Yamechacha.»

Mama alisema kweli. Hakuna mtu aliyeyagusa. Lakini wageni wengi walikuwa wamekuja kula katika kikombe kile, na hakuna aliyewaona. Wanafunzi wapenzi, leo tutasoma habari za wageni hao. Tutaona wanakula nini, wanakaa wapi, na namna gani wanaongezeka. Mtu anayejua chakula chao anaweza kuwatumia wale wema na kuwanyima chakula wale wabaya.

1. Viumbe wadogo kuliko vumbi

Wageni hao huitwa mikrobi, au vijidudu. Ni viumbe hai, lakini ni vidogo mno. Chukueni rula yenu mtazame milimeta moja. Katika nafasi hiyo ndogo, bakteria kama elfu moja wanaweza kupangwa mstari mmoja. Jicho peke yake haliwezi kuwaona. Lazima kutumia hadubini, yaani chombo chenye vioo vinavyokuza vitu.

Mtu wa kwanza kuwaeleza bakteria alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Alijitengenezea vioo vidogo kwa mikono yake. Mwaka 1676 alieleza kwamba ameona viumbe vidogo sana vikiogelea ndani ya maji. Watu wengi walishangaa, na wengine hawakusadiki.

Vijidudu viko kila mahali: ardhini, majini, juu ya ngozi yetu na ndani ya matumbo yetu. Vingi havitudhuru. Vingine hutusaidia kila siku. Vichache tu huleta ugonjwa.

2. Kinywa hakuna, lakini wanakula

Ng'ombe ana meno na tumbo. Kuku ana mdomo na firigisi. Bakteria hana kinywa, hana meno, hana tumbo. Basi anakula namna gani?

Mwili wake una ngozi nyembamba sana. Chakula kilichoyeyuka katika maji hupita katika ngozi hiyo na kuingia ndani. Sukari na chumvi huingia hivyo. Lakini kama chakula ni kikubwa, kwa mfano jani lililoanguka au kipande cha nyama, hakiwezi kupita. Hapo kijidudu hutoa majimaji yake ya kuyeyusha. Majimaji hayo hukata chakula vipande vidogo vidogo nje ya mwili, kisha kijidudu hunywa vile vilivyoyeyuka. Sisi humeza kwanza, halafu tumbo linayeyusha. Kijidudu huyeyusha kwanza, halafu anameza.

Kwa sababu hiyo kijidudu hakiwezi kula pasipo maji. Ndiyo maana maharagwe yaliyokauka vizuri hukaa miezi mingi katika gunia, lakini maharagwe yaliyopikwa huchacha upesi. Ndiyo maana pia samaki waliotiwa chumvi na kuanikwa hawaozi haraka. Jua huondoa maji, na chumvi huvuta maji yaliyobaki. Chakula kipo, lakini kijidudu hakiwezi kukila.

3. Mmoja akawa wengi

Bakteria akishiba hukua kidogo, kisha hugawanyika katikati. Mmoja akawa wawili. Wawili wakawa wanne. Bakteria wengine wakipata chakula kizuri na joto linalowafaa hugawanyika kila dakika 20. Tuhesabu pamoja.

Saa ya kwanza ikipita, mmoja amekuwa 8. Baada ya saa 2 ni 64. Baada ya saa 3 ni 512. Baada ya saa 4 ni 4 096. Na baada ya saa 7 tu ni zaidi ya milioni mbili!

Mtauliza: kama ni hivyo, kwa nini hawajaijaza dunia yote? Jibu ni jepesi. Chakula huisha. Tena uchafu wao wenyewe huwa sumu kwao. Pia baridi huwachelewesha. Maziwa ya asubuhi hukaa vizuri zaidi juu ya milima ya Masisi yenye baridi kuliko katika mabonde ya Walikale yenye joto.

Kila kijidudu kina mahali pake, kama mimea. Viazi ulaya hupenda baridi ya Masisi. Michikichi hupenda joto la Walikale. Ukibadilisha mashamba, hakuna utakachovuna. Hali kadhalika vijidudu: vingine vinataka joto, vingine baridi, vingine vinataka hewa, na vingine hewa inaviua.

4. Wafanyakazi wa maziwa na wa ndizi

Sasa turudi kwenye kikombe cha maziwa. Ndani ya maziwa mna sukari yake. Bakteria fulani hupenda sana sukari hiyo. Wanaila, na wanatoa kitu kikali kiitwacho asidi. Asidi hiyo hugandisha maziwa. Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza kwamba kuchacha huku ni kazi ya viumbe hai.

Tazameni jambo la ajabu. Asidi huwafukuza vijidudu wengi wengine wanaoozesha. Ndiyo maana maziwa yaliyoganda vizuri hukaa kuliko maziwa mabichi. Wafugaji wa Masisi hutengeneza pia jibini, ambayo wengi kwetu huiita fromaji. Maziwa hugandishwa, maji yake hukamuliwa, kisha hutiwa chumvi na kuwekwa mahali pa baridi. Asidi, ukavu, chumvi na baridi ni walinzi wanne wanaoilinda jibini. Bila walinzi hao, isingefika sokoni Goma ikiwa nzima.

Lakini angalieni: katika maziwa mabichi mnaweza kuwa na vijidudu vya magonjwa pia, kwa mfano kifua kikuu cha ng'ombe. Kwa hiyo maziwa ya kunywa yachemshwe kwanza.

Na ndizi? Mnajua namna wazee wanavyotengeneza pombe ya kasiksi. Ndizi huivishwa, hukamuliwa pamoja na majani, na maji yake matamu hutoka. Huo ndio mutobe. Baadaye hutiwa unga wa mtama na kufunikwa. Siku ya pili povu hupanda. Nani anapuliza povu lile? Ni hamira, kijidudu cha jamii ya kuvu. Hamira hula sukari ya ndizi. Chini ya kifuniko hewa ni kidogo, basi hamira haiwezi kuiunguza sukari yote. Inatoa gazi kaboniki, ambayo ndiyo povu, na inaacha kileo. Kileo ni uchafu wa hamira! Kikizidi, hamira yenyewe huacha kukua, kisha hufa. Watoto, ninyi kunyweni mutobe ukiwa ungali mtamu na safi. Kileo hudhuru miili inayokua.

5. Marafiki wa maharagwe

Ng'oeni taratibu mche mmoja wa maharagwe shambani. Tazameni mizizi yake. Mtaona vinundu vidogo. Wengine hudhani ni ugonjwa. Sivyo. Kateni kinundu kimoja: kama ndani ni chekundu kidogo, kinafanya kazi vizuri.

Ndani ya kinundu wanakaa bakteria. Hewa tunayovuta ina azoti, sehemu 78 kati ya 100. Mimea yote inahitaji azoti, lakini hakuna mmea unaoweza kuitwaa hewani peke yake. Bakteria wa vinundu wanaweza. Wanaitwaa azoti, wanaigeuza, na kuipa maharagwe. Nayo maharagwe huwalipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Huyu anatoa hiki, na yule anatoa kile. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Baada ya mavuno, mkulima mwenye akili hachomi majani na mizizi ya maharagwe. Anayafukia. Vijidudu vya udongo huyala na kuyaozesha, na azoti hubaki kwa mahindi ya mwaka unaofuata. Kama nyumbani kuna lundo la mbolea ya majani na samadi, tieni fimbo katikati yake, kisha ivuteni mwishike ncha yake. Ni ya moto! Moto huo ni wa vijidudu vinavyokula. Pasipo kazi yao, majani yote yaliyoanguka tangu zamani yangekuwa yamelundikana hata kuzika nyumba zetu.

6. Mawe meusi ya Sake

Kutoka Goma kwenda Sake ni karibu kilometa 25. Njiani mnaona mawe meusi, makali kama vioo vilivyovunjika. Ni lava, yaani mawe yaliyoyeyuka na kumwagika kutoka katika volkano. Volkano ya Nyamulagira ilimwaga lava nyingi kuanzia mwaka 1938 hata 1940, na mto huo wa moto ulifika ziwani Kivu, karibu na Sake.

Lava ikipoa ni jiwe tupu. Hakuna udongo, hakuna jani, hakuna kijidudu hata kimoja, kwa maana moto umeua vyote. Je, nani anaweza kuanza maisha pale?

Upepo na mvua huleta vijidudu. Wengi hufa kwa njaa. Lakini baada ya miaka michache jiwe jeusi hugeuka rangi ya majivu. Mkikaribia mtaona kitu kama manyoya madogo yameshika jiwe. Si mmea mmoja. Ni ushirika wa viumbe viwili: kuvu na mwani mdogo sana. Mwani hutumia mwanga wa jua, maji na gazi kaboniki ya hewani kutengeneza sukari. Kuvu hushika jiwe, hutunza maji ya mvua, na hutoa asidi inayolainisha jiwe polepole, hata chumvi zake zikatoka. Hivyo mmoja ni mpishi, na mwingine ni mjenzi wa nyumba.

Wakifa huacha vumbi jeusi katika nyufa. Hapo huota majani madogo, halafu miti. Udongo mzuri wa volkano tunaoulima leo ulianza namna hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

7. Ghuba ya Kabuno

Sake iko penye ncha ya ghuba ya Kabuno, pembe ya ziwa Kivu upande wa kaskazini-magharibi. Ghuba hiyo imetengwa na ziwa kubwa kwa ukuta wa mawe ya volkano ulio chini ya maji. Maji hupita juu ya ukuta huo, mahali penye kina cha meta kama 10 tu. Mtu akiitazama ghuba kutoka pwani huona maji kama maji mengine. Wavuvi hupita, watoto huoga. Lakini chini yake mna jambo ambalo wataalamu wamesafiri kutoka nchi za mbali kuja kulitazama.

Maji ya juu yana oksijeni. Ukishuka meta kama 10, oksijeni inakwisha. Kuanzia hapo hata chini hakuna samaki anayeweza kuishi. Maji yale yamejaa gazi kaboniki na chuma kilichoyeyuka, vinavyoletwa na chemchemi za volkano zilizo chini ya ziwa. Mwanga wa jua unaofika pale ni hafifu sana, kama mwanga wa nyumba yenye tundu moja.

Na pale pale, katika giza lile, mna bakteria wengi wakifanya kazi! Wanatumia mwanga ule mdogo. Wanatwaa nguvu kidogo kutoka katika chuma, na kwa gazi kaboniki wanatengeneza chakula chao wenyewe. Chuma kikiisha kutoa nguvu hiyo hugeuka kutu. Kutu huzama chini taratibu, na huko vijidudu vingine huitumia badala ya oksijeni, wakiirudisha kuwa chuma kilichoyeyuka. Ni kama kikapu kimoja kinachopanda na kushuka kati ya mashamba mawili.

Mwaka 2015 wataalamu walieleza habari hizo katika maandishi yao. Bakteria wa Kabuno amepewa jina la Kilatini: Chlorobium phaeoferrooxidans. Kwa nini wanamjali hivyo? Kwa sababu zamani sana, kabla ya wanyama na miti, bahari za dunia zilikuwa karibu hazina oksijeni, nazo zilijaa chuma. Wataalamu wanafikiri kwamba vijidudu vya namna hiyo vilisaidia kutengeneza kutu nyingi iliyozama chini ya bahari zile na kuwa mawe ya chuma. Mawe hayo ndiyo yanayochimbwa leo katika nchi nyingi kutengeneza majembe, mapanga na misumari. Basi mtoto wa Sake anayesimama ukingoni mwa Kabuno anatazama maji yanayofanana na bahari za kale.

8. Gazi ya ziwa Kivu

Nje ya ghuba, ziwa kubwa lina kina cha meta 485 mahali palipo pa chini kabisa. Huko hakuna mwanga wala oksijeni. Chakula chake ni nini? Ni mabaki. Mwani na vijidudu vya juu vikifa huzama kama mvua. Vijidudu vya chini huvila na kuviozesha. Mwisho wa kazi hiyo wapo wengine wanaotoa gazi iitwayo metani. Wengine wa jamii yao hutengeneza metani kwa kutumia gazi kaboniki na hidrojeni.

Gazi hiyo haipandi, kwa kuwa maji mazito ya chini yameifunga, na uzito wa maji ya juu huikandamiza. Mmeona chupa ya limonadi: ikiwa imefungwa, mapovu hayaonekani. Ziwa Kivu ni kama chupa hiyo. Metani iliyofungwa humo ni karibu kilometa 60 za ujazo. Kidogo kinachoponyoka kupanda juu hukutana na vijidudu vingine vinavyokula metani, hata karibu yote huliwa kabla ya kufika hewani. Uchafu wa mmoja ni chakula cha mwingine.

Metani huwaka moto. Mwaka 1963 kiwanda cha pombe cha Gisenyi, nchini Rwanda, kilianza kuitumia kuchemsha maji yake. Mwaka 2016 kiwanda cha umeme cha KivuWatt kilifunguliwa karibu na Kibuye, na metani ya ziwa ndiyo kuni zake. Hivyo taa zinawaka kwa kazi ya viumbe ambavyo hakuna jicho lililoviona.

9. Mwizi wa migomba

Sasa tuwatazame vijidudu wabaya. Mwaka 2001 wakulima wa Masisi waliona ugonjwa mpya katika migomba. Majani yalikuwa manjano, yakanyauka. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ndani zilikuwa nyeusi, hazifai kuliwa wala kukamuliwa. Shina likikatwa, lilitoa usaha wa manjano. Ugonjwa huo ni wa bakteria, na tangu hapo umeenea Kivu na nchi za jirani.

Bakteria huyu anakaa ndani ya mishipa ya mgomba, mahali yanapopita maji na chakula. Pale ana kila kitu: maji, sukari, na nyumba iliyofungwa. Anaongezeka, anaziba mishipa, na mgomba unakufa kwa kiu huku mvua inanyesha.

Hana miguu. Basi nani anamchukua? Wadudu wanaotembelea ua linaloning'inia chini ya mkungu. Na zaidi ya wadudu, panga letu sisi wenyewe! Mtu akikata mgomba mgonjwa, kisha mgomba mzima kwa panga lile lile, amempandisha mgeni huyo garini na kumfikisha.

Dawa ya kuuponya mgomba hakuna. Njia ni kumzuia mwizi asiingie. Vunjeni lile ua la chini kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara ndizi za mwisho zikiisha kutokea. Mgomba mgonjwa ukatwe chini kabisa. Kila mara panga lipitishwe motoni, au lioshwe kwa maji ya klori, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Msichukue machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa.

10. Kipindupindu

Mwizi wa mwisho ni mbaya kuliko wote, maana anashika watu. Ni kijidudu cha kipindupindu. Majini anaweza kungoja muda mrefu, akila chakula kidogo. Lakini mtu akinywa maji yale, kijidudu kinafika katika utumbo. Humo mna joto, mna maji, mna chakula tele. Kinaongezeka upesi mno na kutoa sumu. Sumu hiyo hufanya utumbo kumwaga maji ya mwili. Mgonjwa huharisha maji kama ya mchele ulioshwa, hutapika, na macho huingia ndani. Asiposaidiwa anaweza kufa kwa saa chache tu.

Mwezi wa Julai 1994 watu mamia ya maelfu walikimbia kutoka Rwanda wakafika Goma na pande zake. Vyoo havikuwapo. Ardhi ya lava ni ngumu, na kuchimba ni shida. Wengi walichota maji ya ziwa na kuyanywa hivyo hivyo. Kipindupindu kikaja, na kuhara damu kukafuata. Katika mwezi mmoja watu karibu 50 000 walikufa. Tangu hapo ugonjwa huo umerudi mara nyingi Kivu, hasa mahali ambapo watu waliokimbia vita wamekusanyika pamoja pasipo maji safi.

Kijidudu hiki hakikushinda kwa nguvu zake. Kilishinda kwa sababu kilipata njia kutoka choo kwenda majini, na kutoka majini kwenda kinywani. Tukikata njia hiyo, kinakufa njaa. Shikeni mambo haya:

Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote, au yatiwe klori kwa kipimo cha watu wa afya. Yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko.

Mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni hakuna: kabla ya kula, kabla ya kupika, na baada ya kutoka chooni.

Kila mtu atumie choo. Asiende ziwani wala mtoni.

Chakula kiliwe kingali moto. Matunda yaoshwe kwa maji safi.

Na mtu akishikwa? Msingoje. Mpelekeni mara moja kwenye kituo cha afya. Njiani anyweshwe, hata kama anatapika, kidogo kidogo. Kama hakuna dawa ya pakiti ya maji na chumvi, chukueni litri moja ya maji yaliyochemshwa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mkoroge. Maji hayo hayaui kijidudu, lakini hurudisha katika mwili kile kilichopotea, na mgonjwa hupata nafasi ya kuishi. Mtoto wa shule anayejua kipimo hicho anaweza kumwokoa ndugu yake.

11. Tukumbuke

Mtoto wa Sake aliuliza nani amegusa maziwa yake. Sasa mnaweza kumjibu. Mnajua kwamba kijidudu hukaa pale chakula chake kilipo: katika sukari ya maziwa, katika mizizi ya maharagwe, juu ya jiwe jeusi, katika chuma cha Kabuno, katika giza la ziwa, katika mshipa wa mgomba, na katika utumbo wa mtu. Kila mmoja anataka maji, chakula, na hali inayomfaa. Mpe, naye ataongezeka. Mnyime, naye atakoma.

Leo jioni, mkirudi nyumbani, tazameni mtungi wa maji ya kunywa. Kama hauna kifuniko, ufunikeni. Kama maji hayakuchemshwa, mwambieni mama kwa heshima, kisha mmsaidie kutafuta kuni.

MASWALI

1. Bakteria anakula namna gani, kama hana kinywa?
2. Bakteria mmoja akigawanyika kila dakika 20, baada ya saa 5 watakuwa wangapi?
3. Taja walinzi wanne wa jibini.
4. Maharagwe na bakteria wa vinundu wanasaidiana namna gani?
5. Bakteria wa Kabuno wanatumia vitu gani vitatu kutengeneza chakula chao?
6. Kwa nini metani haitoki yote ziwani?
7. Kwa nini panga lipitishwe motoni baada ya kukata mgomba mgonjwa?
8. Andika kipimo cha sukari na chumvi kwa litri moja ya maji. Kisome nyumbani kwa sauti.